Maradhi Yasiyopiga Hodi

Mwenye presha aweza kufundisha darasa, kwenda Darajani na kurudi, asione umivu lolote, mpaka siku ya kiharusi. Hujulikana kwa kipimo tu, ule mkanda wa mkononi ujazwao upepo, aliouanzisha Mwitalia Riva-Rocci mwaka 1896. Wakikupima Mnazi Mmoja siku mbalimbali, na kila mara hesabu ya juu ikafika 140, au ya chini 90, basi unayo. Twawasihi hasa wale waachao vidonge wakijiona wazima: vidonge huizuia presha, haviing'oi. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku. Na papa mkavu, tumpendaye sote, aroweshwe kwanza, na maji yake yamwagwe.