Unga Ukiharibika, Mama Usinyamaze

Juzi mama mmoja alinionyesha unga wa uji wa mtoto wake. Ulikuwa na madonge na harufu ya uvundo. Nikamwambia aurudishe dukani. Akasema, "Sista, nitarudishaje na hapo ndipo ninapokopa?"

Mama, deni halikuondolei haki. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa bora, ya kulindiwa afya yake, na ya fidia akidhurika.

Mahindi yenye kuvu huweza kuwa na sumu ya aflatoksini, inayoharibu ini. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na sehemu jirani, iliua watu 125. Kupika hakuiondoi. Wala usimpe ng'ombe unga huo, maana sumu hupitia kwenye maziwa ikamrudia mtoto yule yule.

Unga wa pakiti nao uuangalie. Novemba 2019 KEBS ilisimamisha aina tano kwa sababu ya sumu hiyo. Kabla ya kulipa, soma tarehe ya mwisho, kisha tafuta alama ya KEBS na nambari iliyo chini yake. Tuma SM# na nambari hiyo kwa 20023, utajua kama kibali ni halali.

Mwenye duka akikataa kuupokea, usigombane naye. Peleka pakiti kwa afisa wa afya ya umma.

Na mtoto aliyekula akianza kutapika, au macho yakiwa manjano, mlete hospitali siku hiyo hiyo. Unga uje nao.