Mchoro wa Hoja Katika Uandishi wa Insha

Aghalabu insha ya hoja hushindwa si kwa uhaba wa maneno, bali kwa sababu mawazo yake hayashikamani. Mwanafunzi hutoa dai, huleta ushahidi, kisha huhitimisha bila kueleza jinsi ushahidi huo unavyothibitisha dai lake. Kasoro hiyo hujificha ndani ya aya ndefu. Katika mchoro huonekana mara moja.

Mwaka 1958 mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin aliichambua hoja katika sehemu zake. Nne kati ya hizo zatosha kwa shule ya sekondari: dai, ushahidi, kiungo na pingamizi. Kila sehemu huchorewa kisanduku ubaoni, na mishale huonyesha ipi yategemea ipi.

Mfano wapatikana Katonga, mwalo wa wavuvi karibu na mji wa Kigoma. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Je, hatua hiyo yafaa?

Mwanafunzi aiungaye mkono huandika dai: "Ziwa lifungwe miezi mitatu kila mwaka." Ushahidi: "Dagaa na migebuka wamepungua." Mshale uliopo kati ya visanduku hivyo huuliza: kwa nini upungufu udai kufungwa kwa ziwa? Hapo ndipo mahali pa kiungo: "Samaki wakiachwa wazaliane na wachanga wakue, idadi yao huongezeka."

Kisha huja pingamizi. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2003 zilionyesha kwamba maji ya ziwa yamepata joto, na maji ya kina yenye virutubisho hayapandi juu kama zamani. Hivyo chakula cha samaki hupungua hata pasipo nyavu. Tena, mvuvi na mwanika dagaa wataishije miezi hiyo?

Pingamizi halifutwi, hujibiwa. Pengine dai lenyewe litapunguzwa: ziwa lifungwe, ila wavuvi wapatiwe kwanza njia nyingine ya kujipatia riziki.

Baada ya hapo kila kisanduku huwa aya, na kila mshale huwa neno la kuunganisha: kwa kuwa, kwa hiyo, hata hivyo. Mwalimu hahitaji kifaa zaidi ya ubao na chaki. Lakini asiridhike na visanduku vilivyojaa. Hana budi kuuliza kila mshale unabeba nini.