Kazi ya Kuondoa Hewa

Bwana Mhariri ameniomba niwaeleze wanafunzi wa shule niliyosoma kazi ninayoifanya. Mimi ni mhandisi wa mitambo. Kazi yangu ni kubuni njia za kuondoa hewa ndani ya vyombo vinavyojaribu kutoa nguvu kwa kuunganisha viini vya atomu, kama lifanyavyo jua. Chombo kikubwa cha namna hii, kiitwacho ITER, kinajengwa Cadarache, kusini mwa Ufaransa, na mifano yangu mingi nitaitoa huko.

Kwanza yafaa ieleweke kwa nini hewa iondolewe. Aina mbili za haidrojeni, yaani deuteriamu na tritiamu, zikipashwa moto wa digrii milioni 150, viini vyake huungana vikawa heliamu, na nguvu nyingi hutoka. Lakini gesi hiyo ni nyepesi mno kuliko hewa tunayovuta. Hewa kidogo au mvuke wa maji ukiingia, hula joto lake na moto huzimika mara moja. Basi, kabla ya kuwasha, chombo chenye nafasi ya mita za ujazo 1,400 hapana budi kitolewe hewa mpaka ibaki chini ya sehemu moja katika milioni.

Watu wengi hudhani ya kuwa pampu huivuta hewa ije. Sivyo. Hewa ikisha kuwa chache sana, kila molekuli huruka peke yake, ikigonga ukuta huu na ule, wala haisukumwi na wenzake. Pampu haiwezi kuiita. Hungoja ije yenyewe, kisha huizuia isirudi. Ndiyo sababu mabomba yetu huwa mapana na mafupi. Ukifunga pampu kubwa kwenye bomba jembamba na refu, umepoteza fedha bure.

Pampu kuu za ITER ni za baridi. Mabamba yake hupozwa mpaka karibu digrii 269 chini ya sifuri, na gesi nyingi zikiyagusa huganda pale pale. Heliamu haigandi hata hapo. Hiyo hunaswa na mkaa uliopakwa juu ya mabamba. Na mkaa huo, nafurahi kuwaambia ndugu zangu wa pwani, ni wa vifuu vya nazi! Una vitundu vidogo visivyohesabika, na molekuli ikiingia humo hukwama. Pampu zikishiba, hupumzishwa kwa zamu na kupashwa joto ili ziteme gesi. Tritiamu isiyoungua hurudishwa kutumika tena, maana ni adimu, tena ina mionzi.

Sehemu kubwa ya kazi yangu ni mambo madogo. Bolti ikikazwa katika tundu lisilotoboka upande wa pili, hewa iliyofungiwa chini yake hutoka polepole kwa siku nyingi; kwa hiyo hutoboa njia katikati ya bolti. Chuma hakishikwi kwa mkono mtupu, kwa sababu mafuta ya vidole hutoa mvuke. Kila kiungo kilicholehemiwa hupulizwa heliamu kwa nje, na kifaa cha ndani hutuambia kama imepenya. Uangalifu huu si wa bure. Mashine ikisha kufanya kazi kwa tritiamu, nyutroni hukifanya chuma chenyewe kitoe mionzi, na mtu hawezi kuingia tena kukiziba. Kitundu chembamba kuliko unywele chaweza kusimamisha kazi ya maelfu ya watu.

Je, faida iko wapi? Mwaka 2023 mashine ya JET, huko Culham, Uingereza, ilitoa megajuli 69 kwa miligramu 0.2 tu za gesi. Nguvu hiyo yatosha kuchemsha pipa la maji la lita 200. Mashine yenyewe ilitumia nguvu zaidi ya hiyo, na mpaka leo hakuna nyumba inayowashwa taa kwa njia hii. Lakini kiasi kile kidogo cha gesi chaonyesha kwa nini tunaendelea.

Nanyi mlio darasani, msidharau somo la gesi na kanuni ya Boyle. Mimi huitumia kila wiki.