Kipima-hewa cha gari kuukuu: Springi isiyofaa kuguswa ovyo

GARI la miaka ya 1980 likianza kunywa petroli kupita kiasi na kutoa moshi mweusi jijini Nairobi, aghalabu lawama huangukia kisanduku kilichopachikwa baada ya chujio la hewa. Fundi hubandua kifuniko chake cha plastiki, akazungusha kigurudumu chenye meno kilichomo ndani, na injini ikatulia. Mwenye gari hulipa na kuondoka akiwa radhi. Madhara ya kazi hiyo huenda yasijitokeze hadi siku atakapoteremka kwenda Mombasa.

Kisanduku hicho ndicho kipima-hewa. Kilienea kupitia mfumo wa L-Jetronic uliobuniwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani katika miaka ya 1970. Herufi L inasimamia neno Luft, yaani hewa kwa Kijerumani. Magari ya BMW, Volkswagen, Toyota na Nissan ni miongoni mwa yaliyotumia vipima-hewa vya aina hiyo.

Ndani yake mna kibao kinachofunguka mithili ya mlango kinaposukumwa na hewa inayovutwa na injini, na springi iliyojiviringa ya kukirudisha. Kibao kikisogea, kijimkono kilichoshikana nacho huteleza juu ya utepe wa kaboni na kubadilisha nguvu ya umeme unaopelekwa kwenye kompyuta ya gari. Kwa kusoma umeme huo, kompyuta huamua kiasi cha petroli ya kunyunyiziwa injini. Springi ikikazwa, kibao hufunguka kwa uchache, kompyuta ikadhani hewa ni haba na kupunguza petroli. Ikilegezwa, petroli huongezeka.

Ikumbukwe kwamba kibao husukumwa na mkondo wa hewa. Hakipimi uzito wake. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa. Kipima-hewa kina kitambuzi cha joto, lakini si cha shinikizo, ingawa baadhi ya magari yaliongezewa kifaa cha kurekebisha kasoro hiyo. Kwa hesabu za fizikia, gari lililopimwa pwani, lisilo na kifaa hicho, hupewa petroli ya ziada ya takriban asilimia 10 likifika Nairobi. Eldoret, ambako mwinuko unapita mita 2,000, ziada huwa kubwa zaidi. Hiyo ni tabia ya chombo chenyewe, wala si ugonjwa.

Fundi wa Nairobi anayekaza springi hadi moshi uishe huwa ameifuta ziada hiyo. Tatizo ni kwamba gari hilo likishuka pwani, kwenye hewa nzito, petroli itapungua kwa kiasi kile kile. Likiwa limesheheni abiria na mizigo, na likipanda mwinuko wa kurudi bara katika joto la mchana, injini itachemka kupita kiasi, vali zitaungua, na hata pistoni huweza kutoboka. Gharama ya kufungua injini haiwezi kulinganishwa na petroli iliyookolewa.

Magari yenye kitambuzi cha oksijeni katika bomba la moshi hujisahihisha kwa kadiri fulani, lakini kanyagio likibonyezwa hadi chini, kompyuta haikisikilizi tena. Isitoshe, petroli yenye madini ya risasi, iliyouzwa nchini hadi 2005, iliviharibu vitambuzi vya aina hiyo.

Kabla ya springi kuguswa, kuna mengi ya kukaguliwa. Mpira unaounganisha kipima-hewa na injini hupasuka kwenye mikunjo yake, na hewa inayopenya hapo haihesabiwi. Kifuniko cha oili kilicholegea huleta kasoro iyo hiyo. Kitambuzi cha joto la maji kikifa, kompyuta yaweza kudhani injini ni baridi daima na kuimwagia petroli. Plagi na chujio la hewa hazihitaji maelezo. Utepe wa kaboni nao huchakaa pale kijimkono kinapopita mara kwa mara, gari likawa linashtuka. Mita ya umeme yenye mshale huonyesha hivyo, kwani mshale huruka badala ya kupanda taratibu kibao kinaposukumwa kwa kidole.

Iwapo shida ni mngurumo wa injini gari likiwa limesimama, ipo skurubu maalumu pembeni mwa kisanduku, aghalabu chini ya kizibo. Hiyo hurekebisha hewa inayopita kando ya kibao. Katika vipima-hewa vya Bosch, kuizungusha kuelekea kulia huongeza petroli. Kipimo sahihi hupatikana kwa mashine ya kupima moshi, injini ikiwa moto, wala si kwa sikio.

Springi ikibidi kuguswa, kigurudumu na mwili wa kisanduku vitiwe alama ya rangi kwanza. Kigurudumu kishikwe imara kabla ya kuinua kizuizi chake, la sivyo springi itafyatuka yote na kipimo cha kiwandani kupotea. Kisha kisogezwe jino moja tu, gari lijaribiwe barabarani likiwa na mzigo, na plagi zichunguzwe rangi. Nyeusi yenye masizi ni ishara ya petroli nyingi. Nyeupe kama chokaa ni ishara ya upungufu. Kwa anayejiandaa kwa safari ya pwani, alama ile ya rangi ndiyo itakayomrudisha fundi pale alipoanzia.