Mpira wa rejeta nusura unikoseshe mke!

Hebu pata picha, msomaji wangu. Jumamosi, jua la utosi, wazee watatu na shangazi mmoja wamejibana kwenye Peugeot 504 niliyorithi kwa marehemu mjomba. Tunatoka Shinyanga kwenda Kahama kwa wakwe watarajiwa. Kule kwetu mahari ni ng'ombe, na siku hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kupatana idadi. Tumeambiwa saa nane tuwe tumeketi.

Tinde tukapita freshi. Isaka nayo, penye bandari kavu ambako mizigo ya Rwanda na Burundi hushuka kwenye treni na kupanda malori, gari bado linadunda. Kilomita chache kabla ya Kagongwa, puu! Mvuke kioo kizima, mshale wa joto huoo juu.

"Linaungua?" Baba mkubwa akauliza, mguu mmoja keshautoa nje.

Wapi! Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umepasuka kwenye kona.

Nilizima injini hapo hapo, na bila hivyo leo ningekuwa natembea kwa miguu. Hedi ya 504 ni ya aluminiamu. Ikipata moto kupita kiasi inapinda, gasketi inakwenda, na hapo huongelei tena mpira bali injini. Mzee mmoja akaja mbio na dumu la maji ya baridi. Nikamdaka mkono, maana hedi ya moto ukiimwagia ya baridi inaweza kupata ufa. Tukakaa chini ya mti zaidi ya nusu saa, shangazi akitazama saa, mimi nikikwepa macho yake.

Mwendesha baiskeli mmoja akatuuzia tyubu chakavu. Nikaikata mikanda, nikafunga mpira kwa kuvuta haswa, nikajaza maji na kulegeza kifuniko ili presha isijae. Tukajikokota hadi Kagongwa.

Sasa Kagongwa ni mji wa mchele. Mashine za kukoboa zinanguruma, malori yanapakia, na spea zipo, lakini za Fuso, za pikipiki, za Toyota. Ukitaja Peugeot 504 kijana wa dukani anakutazama kama umeulizia meno ya kuku. Simlaumu. Ufaransa iliacha kuunda saluni hiyo mwaka 1983, yeye hajazaliwa.

Duka la kwanza nikapewa mpira wa kumwagilia bustani, eti "unafanya kazi ileile, bosi". Thubutu! Maji ya rejeta yamebanwa na presha, yanapita nyuzi 100 bila kuchemka. Mpira wa bustani utalainika kama ugali wa mgonjwa. Duka la pili wakaleta wa Toyota. Mdomo mmoja ulikaa, wa pili ukapwaya.

Fundi mmoja wa pembeni ya barabara ndiye aliyenitoa.

"Kaka, usiwatajie gari. Wapelekee mpira wenyewe."

Akakata kijiti sawa na upana wa mdomo kwa ndani, akachukua mpira uliopasuka, akapotea. Kurudi kashika mpira mrefu wa lori wenye kona tatu. Akapima, akakata kona ya katikati, ikakaa pale kama imezaliwa nayo. Nikataka kufunga kwa waya, akanizomea: waya unakula mpira. Akaweka klipu mpya za bisibisi.

Halafu akabinya mpira wa chini. Ukalia kama kaukau. "Huu nao una wiki moja." Tukaubadili, na springi ya ndani akairudisha, kwa sababu upande ule pampu inavuta, na mpira bila springi unaweza kunywea maji yasipite. Akawasha gari kifuniko kikiwa wazi, mapovu yakatoka, akaongeza maji mpaka mpira wa juu ukapata moto: themostati imefunguka.

Kahama tuliingia saa kumi na nusu. Wakwe wamenuna, chai imepoa. Baba mkubwa akaeleza habari ya mpira, wakamsikiliza mpaka mwisho, kisha mzee wa kule akasema faini ya kuchelewa ni mbuzi mmoja, juu ya ng'ombe.

Mbuzi nimelipa. Mipira yote miwili ningeipata kwa bei ya mguu wake mmoja.