Kuvumwani na Jamaa Zake katika Misitu ya Mpanda

Mtu apitaye porini karibu na Mpanda katika mwezi wa Septemba, wakati majani yamekwisha kauka na moto umekwisha pita, huona katika magome ya mitundu, juu kidogo ya pale moto ulipofika, vibaka vyeusi vilivyojikunyata kama sufi iliyoungua. Hudhani ni uchafu. Basi na avimwagie maji kidogo kutoka katika kibuyu chake, kisha angoje. Muda si muda vijani vidogo hujikunjua na rangi ya kijani hurejea. Hiyo ndiyo kuvumwani, nayo haikufa, ililala tu.

Mmea huu hauna mizizi ya kweli, ila nyuzi nyembamba za kujishikizia. Maji huyapata kwa majani yake yenyewe, kutoka katika mvua, umande na ukungu. Hewa ikikauka, nao hukauka. Wako wasemao kwamba hunyonya mti. Si kweli: mti kwake ni kiti tu, si chakula.

Kuvumwani ina jamaa yake, ambayo wataalamu huiita hepatika, kwa neno la Kiyunani lenye maana ya ini. Nyingine hulala bapa juu ya udongo kama kipande cha ini, na watu wa Ulaya wa zamani waliitumia kuwatibu wagonjwa wa ini kwa sababu ya mfano huo tu, dawa ambayo simshauri mtu yeyote. Lakini hepatika nyingi zina vijani vilivyopangwa safu safu, hata mgeni hudhani ni kuvumwani. Duniani ziko aina 12,000 hivi za kuvumwani, na 7,000 hivi za hepatika. Zote hazina ua wala mbegu. Chembe ya kiume sharti iogelee majini hata ifike kwa ya kike; baadaye vumbi jembamba la uzazi huchukuliwa na upepo.

Kwa hiyo katika miombo, ambako mvua hunyesha toka Novemba hata Aprili na kisha karibu nusu ya mwaka ni ukavu, mimea hii huchagua mahali pake: upande wa jiwe usiopigwa na jua, shina la mti wenye gome la mikwaruzo, ubavu wa kichuguu. Hepatika bapa huota pembeni mwa madimbwi na kumaliza maisha yake upesi kabla udongo haujapasuka. Ukielekea magharibi, kwenye mabonde ya msitu wa Ntakata na Milima ya Mahale, ambayo kilele chake cha Nkungwe hufika mita 2,462, kivuli na unyevu huzidi, na mashina huvikwa.

Faida yake ni nini? Katika milima ya Uluguru, mtaalamu Tamás Pócs alipima maji yanayozuiwa na mimea iotayo juu ya miti, akatoa matokeo yake mwaka 1980: mvua nyingi hushikwa humo, ikadondoka polepole. Nako katika mabonde yetu, miti ya kando ya kijito ikikatwa, jua huingia, na mimea hii hufa kwanza. Hata mrina asali achunaye gome la mtundu kuwa mzinga huondoa vibaka vyote pamoja na gome. Na mti ukichunwa pande zote, hukauka.