MGOMBA CHANGARAWENI: UDONGO WA KUJAZA NDOO



Bila shaka umewahi kukutana na methali isemayo, "Mgomba changaraweni haupandwi ukamea." Mwalimu alipoitoa darasani sote tuliandika daftarini maana yake, kwamba kila jambo lifanywe mahali panapolifaa, kisha tukafunga madaftari tukaenda kula. Hakuna aliyeuliza kama ni kweli mgomba haumei changaraweni. Mimi nimekuja kujua, tena kwa hasara ya miche miwili ya mama yangu. Ndiyo sababu nimemwomba Mhariri nafasi hii.

Kwetu ni Mlolongo. Tunakaa ploti ya kukodi ambayo uwanja wake wote ni simiti, huna hata mahali pa kuchimba shimo la kuzika mfupa. Lakini mama alizaliwa Murang'a, na kwa nyanya yangu migomba iliteremka kutoka nyuma ya jiko hadi mtoni. Ilikuwa ile ndizi inayoitwa Kampala, tamu ajabu. Halafu ikaanza kunyauka. Majani ya nje yaligeuka manjano, yakavunjika na kuning'inia kulizunguka shina kama sketi. Shina likikatwa, ndani lilikuwa na mistari ya rangi ya kutu. Huo ndio ugonjwa wa Panama. Unaletwa na kuvu wanaoishi udongoni miaka mingi hata baada ya migomba yenyewe kung'olewa. Siku hizi nyanya hununua ndizi sokoni. Yeye hasemi kitu, lakini mama alipoona hivyo mara ya kwanza alinyamaza njia nzima kurudi Mlolongo.

Mwezi uliofuata akanunua miche mitatu ya maabara. Miche ya namna hii hutengenezwa katika vyuo kama kile cha Jomo Kenyatta pale Juja. Ncha ndogo ya chipukizi hukatwa, ikakuzwa ndani ya chupa, ikazaa miche mingi isiyokuwa na kuvu wala minyoo ya mizizi. Aliyoichagua ilikuwa Dwarf Cavendish, aina fupi inayoweza kukaa katika chombo. Aina hiyo pia haisumbuliwi na kuvu wale waliomaliza Kampala ya nyanya. (Wapo ndugu zao wakali zaidi wanaoiua hata Cavendish. Waligunduliwa Msumbiji mwaka 2013, kwa hivyo tusijigambe.)

Kazi ya kujaza ndoo nilipewa mimi, maana ndiye ninayesoma Kilimo. Basi, nikajaza. Nilichukua ndoo tatu za rangi za lita 20, nikazitoboa matako kwa msumari wa moto. Chini nikatandaza kokoto kiganja kizima, kwa sababu kila mtu pale ploti aliniambia kokoto "zinavuta maji." Juu yake nikatia udongo wa Mlolongo, ule mweusi wa mfinyanzi, nikachanganya na samadi kidogo. Nikamwagilia kila jioni kama mtoto mwema. Baada ya wiki tatu miche miwili ilikuwa imelala na wa tatu umeanza manjano.

Mama alisimama juu ya zile ndoo akasema, "Umetufuata mpaka huku." Alimaanisha ugonjwa. Alitaka kuutupa hata huo mmoja uliobaki.

Hapo ndipo nilipochukua kisu. Nilikata shina la mche mmoja uliokufa, nikatafuta mistari ya kutu. Haikuwepo. Ndani palikuwa peupe kama ndani ya kitunguu. Nikaung'oa mzizi. Ulikuwa mweusi, laini, ngozi yake inachuja ukiivuta, na harufu yake ni ya mtaro. Kumbe haikuwa kuvu wa Murang'a. Nilikuwa nimeizamisha miche kwa mikono yangu.

Nieleze kidogo jinsi mgomba unavyozama. Tunadhani mzizi unakunywa tu, kumbe unapumua pia. Udongo mzuri una matundu ya aina mbili. Yale madogo hushika maji, na yale makubwa huyaacha yapite na baadaye hujaa hewa. Udongo mweusi wa mfinyanzi una yale madogo kwa wingi na makubwa karibu hauna. Ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mguu, kama anavyojua yeyote aliyewahi kupita Embakasi au Mwea wakati wa kiangazi. Mgomba nao una kiu kubwa kwa sababu ya majani yake mapana, lakini mizizi yake ni minene na laini, na hewa ikikosekana siku chache tu ncha zake zinaoza. Mche wa maabara ndio dhaifu zaidi. Chipukizi la kawaida huja na tunguu lake lililojaa chakula, kwa hivyo linaweza kupoteza mizizi likaota mingine. Mche wa maabara hauna akiba hiyo.

Na zile kokoto? Hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote, na ninajua wapo watakaobisha. Chukua sponji ya kuoshea vyombo iliyo ndefu, ilowe kabisa, uishike ikiwa imelala. Maji yatachuruzika kisha yatakoma. Sasa isimamishe wima. Utaona yanaanza kuchuruzika tena! Maji hayakuongezwa, ila urefu umebadilika. Sponji, kama udongo, hubakisha maji sehemu yake ya chini kabisa, na kimo cha maji hayo hakibadiliki sana, iwe ndefu au fupi. Udongo ulio juu ya kokoto hufanya vivyo hivyo. Maji hayarukii ndani ya yale mapengo makubwa ya kokoto hadi udongo ulio juu yake ushibe pomoni. Kwa hivyo kokoto zangu hazikuvuta maji. Ziliinua tope likakaribia mizizi, na ndoo ikawa fupi bure. Wahenga walitukataza kupanda mgomba juu ya changarawe, nami nawaunga mkono kwa sababu ambayo labda hawakuifikiria. Kinachosaidia ni ndoo ndefu, matundu mengi, na mchanganyiko mmoja kutoka juu hadi chini.

Nilipiga simu kwa nyanya kumweleza. Kesho yake alikuwa amekwisha kutuwekea gunia la udongo mwekundu wa shambani kwake, analeta na gari la asubuhi. Sasa, udongo ule mwekundu wa nyanda za juu ni mzuri. Una chembechembe zilizoshikana kama makombo ya mkate, maji yanapita na bado unyevu unabaki. Lakini ulitoka chini ya migomba iliyokufa. Mwalimu wa Kilimo alinifundisha kwamba hata kama Cavendish itawavumilia kuvu wale, udongo wa shamba gonjwa hautoki shambani. Hubeba pia minyoo ya mizizi na fukusi, na siku ukiumwaga nyuma ya ploti, jirani ataupandia Kampala yake. Ilinibidi nimwambie nyanya asiulete. Sijawahi kupata sentensi ngumu kama ile, hata katika mtihani wa Insha. Alikaa kimya, kisha akauliza, "Yaani hata udongo wangu ni mgonjwa?" Nikamjibu, "Ndiyo, nyanya." Akakata simu.

Udongo mwekundu nikautoa hapa shuleni, kwa ruhusa, nyuma ya shamba la mahindi ambapo migomba haijawahi kupandwa. Gunia moja. Makanga alilitoza nauli ya mtu mzima.

Sasa tuingie jikoni. Kipimo changu kilikuwa karai. Mara ya kwanza nilichanganya karai mbili za udongo mwekundu, moja ya samadi na moja ya mchanga niliopewa na mafundi waliokuwa wakipiga plasta karibu na kwetu. Kabla ya kupanda niliupima, maana nilikuwa nimekwisha kupoteza miche ya kutosha. Jaribio lenyewe halihitaji maabara. Tafuta mkebe wa lita 2, utoboe chini, kisha uzibe matundu kwa utepe. Ujaze mchanganyiko, uugongegonge kidogo mezani. Mimina maji polepole mpaka yaonekane juu, uache dakika chache viputo vitoke. Halafu zibua matundu, kinga maji yote yanayotoka, na uyapime kwa chupa ya soda ya mililita 300. Maji yaliyotoka yameacha nafasi, na nafasi hiyo ndiyo hewa ya mzizi. Kwa mimea ya vyombo, hewa hiyo inatakiwa iwe kama sehemu 10 hadi 20 kwa kila 100 za mkebe. Chupa moja kamili kutoka mkebe wa lita 2 ni sehemu 15. Pale pale katikati!

Udongo mweusi wa Mlolongo ulinipa vijiko vichache tu, tena baada ya kungoja mpaka chai ikapoa. Mchanganyiko wangu mpya ulitoa nusu chupa. Nilishangaa, kwa sababu nilikuwa nimetia mchanga. Kosa lilikuwa katika mchanga wenyewe. Ule wa plasta ni laini, unajipenyeza katikati ya chembe za udongo na kuyaziba yale matundu tuliyoyataka. Mchanga wa kusaidia ni ule mkavu wa mto wenye punje kubwa, na usiwe wa kunyunyiza kama chumvi. Walio Mombasa na Malindi, wa baharini msiuguse, kwani mgomba hauvumilii chumvi.

Nikautoa mchanga laini. Mahali pake nikatia nusu karai ya mchanga wa punje kubwa na nusu karai ya vipande vidogo vya makaa, vile vinavyobaki chini ya gunia la muuza makaa. Alinipa bure akinitazama kama mwendawazimu. Nilivichekecha, vumbi nikalitupa, nikabakisha vilivyo na ukubwa wa maharagwe na mahindi. Vumbi linaziba, na makaa yakizidi udongo unapoteza ule uchachu mdogo ambao mgomba unaupenda. Majivu pia usiyamwage ovyo kwa sababu hiyo hiyo. Nikapima tena. Chupa ikajaa mpaka shingoni.

Kila mtu atumie cha kwao. Naivasha na Longonot kuna yale mawe mepesi ya volkano yaliyojaa vitundu, na mashamba ya maua huko hupandia mawaridi ndani yake. Hayo ni bora kuliko makaa yangu. Pwani kuna makumbi ya nazi. Yakichambuliwa na kuoshwa vizuri kwa maji baridi yanashika unyevu bila kugandamana, lakini yale yaliyolowekwa baharini kwa ajili ya kamba yanabeba chumvi. Mwea kuna maganda ya mpunga. Unga wa mbao mbichi siushauri, kwa sababu unapooza hunyang'anya mmea naitrojeni, na mche unabaki rangi ya chai ya maziwa. Samadi nayo iwe imeoza kweli. Ukiingiza mkono katikati ya fungu ukasikia joto, irudishe ingoje, itaunguza mizizi.

Jambo moja usilidharau: udongo unaweza pia kupitisha maji kupita kiasi. Rafiki yangu mmoja, baada ya kunisikia, alipanda mgomba wake kwenye mchanga na mawe matupu. Ikambidi amwagilie asubuhi na jioni, na samadi yote aliyoweka juu ikaishia mtaroni. Kwake ile methali ilisimama vile vile ilivyotungwa.

Kwetu kupita kwa maji kuna faida nyingine. Maji ya kisima cha ploti yetu yana chumvi. Ukimwagilia kidogo kidogo, maji yanakauka na chumvi inabaki, siku zikipita kingo za majani zinaungua kahawia. Sasa mama humwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha hungoja hadi udongo wa juu ukauke kina cha kidole ndipo amwagilie tena. Ndoo haikai katika sahani, na tumeiinua juu ya matofali mawili ili matundu yasizibwe na simiti.

Ule mche wa tatu niliuosha mizizi, nikakata iliyooza, nikaupanda upya. Kwa siku kumi na moja haukufanya lolote. Siku ya kumi na mbili mama alinipigia simu shuleni kupitia kwa mwalimu wa zamu, eti ni jambo la dharura. Nikakimbia hadi ofisini roho mkononi. "Umetoa jani," akasema. "Limejikunja kama sigara."

Likizo iliyopita tuliuhamisha kwenye nusu pipa, kwa mchanganyiko ule ule, karai kumi na mbili. Samadi inapooza udongo hushuka, kwa hivyo mwakani itabidi tuuongeze na kuupima upya. Nyanya alikuja kuuona. Alifika mlangoni na viatu vyake vya shambani, akasimama, akavivua mwenyewe bila kuambiwa, akaviacha nje ya lango. Akautia mkono udongo wa pipa, akaufinya, akaufungua mkono. Ulivunjika vipande vitatu.

"Huu," akasema, "mtanipa gunia ngapi?"

Mwandishi ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu.